Sally Mann na kumbukumbu inayokaa katika udongo

Watu wengi hupiga picha ili wasisahau, na hakuna anayewashangaa. Sally Mann, mpiga picha Mmarekani ambaye kwa zaidi ya miaka 40 amekuwa akiizungukia kumbukumbu katika kazi zake, anashikilia kinyume cha hayo. Katika kitabu cha maisha yake, Hold Still, kilichochapishwa mwaka 2015, anadai kwamba picha huinyang'anya kumbukumbu nafasi yake na kuiharibu, na ushahidi anaoutoa ni wa nyumbani: kwa kuwa anazo picha nyingi mno za marehemu baba yake, baba mwenyewe amemponyoka kabisa. Dai hili lingepita kama porojo tu lau lingetolewa na mtu asiyeshika kamera. Likitoka kwa mtu ambaye kazi yake inahusu wafu, watoto wanaokua, mume anayedhoofika na mashamba yaliyomwagikiwa damu, linazua swali ambalo halijibiki kwa haraka: kama picha haihifadhi kumbukumbu, yeye anapiga picha za nini?

Jibu ninaloliona katika kazi zake ni kwamba ameihamisha kumbukumbu kutoka kichwani. Kwake kumbukumbu imo katika nyama na mifupa, katika matope ya mto, katika udongo ulionyonya damu, na hata katika chembe za fedha zilizoganda juu ya kioo. Binadamu husahau, tena picha humsaidia kusahau. Lakini mwili na ardhi haviwezi kuyakana yaliyovipata, kwa sababu yaliyovipata yamevibadilisha. Kamera, kwa mtazamo huo, hutumika kuviuliza kama alama bado ipo, na wakati mwingine jibu ni kwamba haipo. Msomaji akilishika hili, kazi za Mann, ambazo kwa juujuu zinaruka kutoka watoto hadi misitu, kutoka misitu hadi maiti, na kutoka maiti hadi mume, zinaanza kusomeka kama hoja moja ndefu.

Alizaliwa mwaka 1951 katika mji mdogo wa Lexington, Virginia, na maisha yake karibu yote ameyaishi maeneo hayohayo. Baba yake, Robert Munger, alikuwa daktari wa mji huo, mtu asiyefuata dini, aliyevutiwa mno na namna sanaa za mataifa mbalimbali zilivyokionyesha kifo, na ndiye aliyemwingiza binti yake katika upigaji picha. Mji wenyewe nao una uzito wake. Robert E. Lee na Stonewall Jackson, majenerali walioongoza majeshi ya Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865, vita ambavyo Kusini ilivipigana ili utumwa uendelee, wote wawili wamezikwa Lexington. Mtoto aliyekulia hapo alikulia juu ya makaburi yenye siasa, hata kama hakuna aliyemweleza hivyo.

Jina lake lilienea mwaka 1992, kilipotoka kitabu cha Immediate Family, chenye picha za watoto wake watatu zilizopigwa kwa miaka kadhaa, nyingi kati yake katika kibanda cha familia kando ya mto Maury, kwa kamera kubwa inayosimamishwa juu ya miguu mitatu na kutumia filamu ya inchi 8 kwa 10. Baadhi ya picha hizo ziliwaonyesha watoto wakiwa hawana nguo, na ubishi uliozuka haujaisha hadi leo: Januari 2025 polisi wa Fort Worth, Texas, walichukua baadhi yake kutoka katika maonyesho ya makumbusho ya sanaa ya kisasa ya mji huo, na miezi michache baadaye jopo la raia lililoketi kuamua kama kuna kesi likakataa kufungua mashtaka. Swali la ridhaa ni zito, na binafsi sioni kwamba ubora wa picha unalijibu, kwa kuwa mtoto wa miaka minne hana uwezo wa kukubali jambo litakalomfuata hadi uzeeni. Hata hivyo kelele hizo zimefunika jambo jingine lililomo katika mfululizo huo. Picha kadhaa zinahusu alama: uso uliovimba kwa kuumwa na wadudu, pua inayotoka damu. Mwili wa mtoto umeandikwa na mto, na mbu, na siku iliyopita, na mama anausoma.

Katikati ya miaka ya 1990 watoto walikuwa wakubwa, na Mann akaanza kuyatazama yale yaliyokuwa nyuma yao katika picha, yaani miti, ukungu, kingo za mto. Akageuza kamera kuelekea mandhari ya Virginia na Georgia, kisha mwaka 1998 akasafiri kuelekea Mississippi na Louisiana. Ni hapo swali lake lilipopata sura iliyo wazi. Mandhari ya Kusini mwa Marekani ni mazuri kwa namna inayokaribia uongo, maana chini ya miti hiyo inayoning'iniza mimea kama ndevu watu walipigwa mijeledi, waliuzwa na kunyongwa, na majani yakaendelea kuota. Mpiga picha afanye nini na uzuri wa aina hiyo? Akiuonyesha kama ulivyo, anashiriki katika kuficha. Akiukataa, hana cha kuonyesha.

Alichofanya Mann ni kubadili zana, na hapa inabidi tuingie katika ufundi, kwa sababu pasipo ufundi hoja yake haieleweki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alijifunza njia ya kolodioni, iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851 na kuachwa na wapiga picha wengi kabla ya karne ya 19 kwisha. Kolodioni ni pamba iliyopitishwa katika asidi kisha ikayeyushwa kwa etha na alkoholi, ikawa kimiminika kizito kama sharubati. Mpiga picha hukimimina juu ya kioo, akakiinamisha kioo upande huu na huu hadi kimiminika kienee kona zote, kisha hukitumbukiza kioo katika nitrati ya fedha ili kipate hisia ya mwanga. Kuanzia hapo saa inakimbia. Kioo lazima kiingie kwenye kamera, kipigwe mwanga na kisafishwe kikiwa bado kimelowa, jambo ambalo kwa kawaida halizidi dakika kumi au kumi na tano, kwa kuwa kolodioni ikishakauka dawa haipenyi tena. Ndiyo maana anayefanya kazi hii porini lazima awe na chumba cha giza karibu, na Mann alikifunga cha kwake nyuma ya gari.

Njia hii ina tabia tatu zilizomfaa. Kwanza, ni ya polepole. Mwanga huhitaji sekunde nyingi, pengine dakika, na katika muda huo majani hutikisika, maji husogea, na kinachobaki kwenye kioo ni muda mzima ulioshonwa pamoja. Pili, huona bluu na mionzi isiyoonekana kwa macho, lakini karibu haioni nyekundu wala njano, kwa hiyo anga hutoka jeupe tupu, majani hutoka meusi, na madoa ya ngozi ambayo jicho huyapuuza hujitokeza kama makovu. Tatu, hukosea. Vumbi likidondoka, mkono ukitetemeka, dawa ikimwagwa kwa kusitasita, kioo huonyesha mistari, matundu na maganda yaliyobanduka. Mafundi wa karne ya 19 walifanya bidii kuyaepuka makosa hayo; Mann anayakaribisha, na ameeleza waziwazi kwamba alikuwa akiomba bahati mbaya zimtembelee. Anatumia pia lenzi kuukuu zenye kasoro, zinazofifisha kingo na kumwagia picha mwanga usioalikwa.

Kuna sababu nyingine, nayo kwangu ndiyo yenye nguvu zaidi. Kolodioni haikuanza kama dawa ya picha peke yake. Madaktari wa enzi ileile waliitumia kufunikia majeraha, kwa kuwa ikikauka huwa utando mwembamba unaokaza ngozi. Kimiminika kilichofunga vidonda ndicho kilichonasa picha za vita. Mwezi Septemba 1862, baada ya pigano la Antietam katika jimbo la Maryland, ambapo watu wapatao 23,000 walikufa, kujeruhiwa au kupotea kwa siku moja, Alexander Gardner alipiga picha za maiti zikiwa bado uwanjani, na mwezi uliofuata zikaonyeshwa New York katika studio ya Mathew Brady. Zilikuwa picha za kolodioni. Mann alipokwenda Antietam takriban miaka 140 baadaye akiwa na kioo na dawa zilezile, hakukuta maiti. Alikuta majani, uzio na vilima. Alirudi na picha nyeusi mno, ambazo mtazamaji hulazimika kusimama karibu ili atofautishe ardhi na anga, na baadhi ya karatasi akazipaka vanishi iliyochanganywa na vumbi la mabaki ya viumbe wadogo wa majini waliogeuka madini. Uso wa picha ukawa wa kukwaruza. Picha ya udongo, kwa maana halisi kabisa, imepakwa udongo.

Picha za Antietam zimo katika mfululizo wa What Remains, uliotoka kama kitabu mwaka 2003, na ambao ndio mahali ambapo mwili, kumbukumbu na maumbile vinakutana bila kificho. Unaanza na mabaki ya mbwa wake wa mbio, Eva, aliyemzika kisha baadaye akamfukua ili aone ardhi imemfanya nini. Unaendelea katika kituo cha Chuo Kikuu cha Tennessee, Knoxville, kilichoanzishwa na mwanaanthropolojia William Bass, ambako miili ya watu iliyotolewa kwa utafiti huachwa juu ya ardhi ili wanasayansi wajifunze jinsi inavyooza chini ya jua, mvua na wadudu, elimu ambayo husaidia kukadiria wakati wa kifo katika kesi za mauaji. Kisha unarudi shambani kwake, ambako tarehe 8 Desemba 2000 mtu mwenye silaha aliyekuwa akiwakimbia polisi alikufa. Mann akabaki na swali kama mahali pale pamebadilika kwa kufiwa juu yake, au ni yeye tu aliyebadilika. Baada ya Antietam, mfululizo unafunga kwa nyuso za watoto wake, zikiwa kubwa na karibu mno.

Msomaji wa kwetu huenda akakwazika na picha za Knoxville, na ana haki. Katika jamii zetu nyingi jambo la kwanza analostahili maiti ni kusitiriwa, na kumwacha mtu juani, kisha kumpiga picha, kunaonekana kuwa kumvunjia heshima mara mbili. Sitaki kuupunguza uzito huo. Ninachoweza kusema ni kwamba picha zilizo bora katika sehemu hiyo ni zile ambazo jicho linashindwa kusema ngozi inaishia wapi na majani makavu yanaanzia wapi, na kwamba zile zinazoonyesha uso ulioharibika waziwazi zinapungukiwa, kwa sababu hapo mshtuko unalimeza wazo. Wazo lenyewe ni la kale, nalo haliko mbali na tunayoyasikia makaburini: mwili umeazimwa kutoka ardhini na ardhi huudai. Tofauti ni kwamba Mann hana imani ya dini ya kumtuliza baada ya kulisema, kwa hiyo analiangalia deni likilipwa, na anaangalia kwa muda mrefu kuliko wengi wetu tungevumilia.

Kazi ya Proud Flesh, iliyotoka mwaka 2009, inatumia njia ileile kwa mtu aliye hai. Larry Mann, mume aliyemwoa mwaka 1970, aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli unaoanza ukubwani, na kwa takriban miaka sita alikaa uchi mbele ya kamera ya mkewe wakati misuli ikipungua. Historia ya sanaa imejaa wanaume wanaowatazama wanawake. Mke anayemtazama mume wake aliyezeeka na kuugua ni jambo adimu, na adimu zaidi ni mume kulikubali. Kasoro za kolodioni, ambazo katika picha za misitu zinaweza kuonekana kama pambo la ukale, hapa zina kazi halali. Ufa wa dawa unapopita juu ya paja lililokonda, ugonjwa na kemia vinasema jambo moja, na Larry anabaki na heshima yake kwa kuwa picha yenyewe imekubali kuwa dhaifu pamoja naye. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake iliyokamilika kuliko zote. Mann hakujiachia nje ya mtihani huo: mwaka 2006 farasi wake alipasukiwa na mshipa wa damu wakati amempanda, akaanguka na kuumia mgongo, na katika kipindi cha kupona akapiga picha nyingi za uso wake mwenyewe juu ya vioo, zikiwa na mikwaruzo na mabaka kana kwamba zimefukuliwa.

Mpaka hapa hoja inasimama vizuri. Inaanza kuyumba tunapofika Mississippi. Mwaka 1998 Mann alipiga picha ya ukingo wa mto Tallahatchie, mto ambamo mwezi Agosti 1955 ulipatikana mwili wa Emmett Till, mvulana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, aliyeuawa na wanaume weupe kwa tuhuma ya kumkosea adabu mwanamke mweupe. Mama yake, Mamie Till, alikataa jeneza lifungwe. Alitaka dunia ione uso wa mwanawe, na picha zilizochapishwa katika jarida la Jet zikawashtua Wamarekani weusi nchi nzima. Wawili walioshtakiwa waliachiwa huru na baraza la wazee wa mahakama ambalo lote lilikuwa la wanaume weupe. Picha ya Mann inaonyesha ukingo wa matope wenye mfereji mdogo unaotelemkia majini, na ukiondoa jina la picha, ni ukingo wa mto wowote. Maelezo yaliyoandikwa ndiyo yanayobeba mauaji, ardhi imenyamaza. Watetezi wake husema kwamba kunyamaza huko ndiko kunakoonyeshwa, na wana sehemu ya ukweli. Lakini Mamie Till alijua jambo ambalo picha ya ukingo haiwezi kulifikia, kwamba kuna nyakati ambapo kumbukumbu haiwezi kuachiwa udongo, na lazima mwili wenyewe uonekane.

Na Mann mwenyewe ana ushahidi dhidi ya nadharia yake, nao unatoka jikoni kwao. Aliyemlea ni Virginia Carter, mwanamke mweusi aliyeitwa Gee-Gee, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1994, na aliyeifanyia kazi familia ya Munger kwa karibu miaka 50. Alikuwa mjane aliyewasomesha watoto wake sita kwa mshahara wa kazi za nyumbani. Mann anakiri kitabuni kwamba alimpenda kwa moyo wote, na kwamba katika miaka yote ya utoto hakujiuliza Gee-Gee alikula nini wala alikwenda haja wapi wakati familia inasafiri kwa gari kupita miji ambayo watu weusi hawakuruhusiwa kuingia mikahawani. Kumbukumbu yake ya mapenzi, aliyoibeba mwilini tangu utotoni, haikuwa na nafasi ya jambo hilo. Picha za zamani za familia na maswali ya ukubwani ndivyo vilivyolifichua. Mwanamke anayesema kwamba picha huiba kumbukumbu alihitaji picha ili kuona kumbukumbu yake ilivyomdanganya.

Sidhani kwamba hili linaibomoa kazi yake. Linaeleza kwa nini kuanzia takriban mwaka 2006 alianza kuikabili habari ya rangi kwa njia kadhaa kwa pamoja, kana kwamba hakuna moja aliyoiamini. Kati ya 2008 na 2012 alipiga picha juu ya vipande vya bati katika kinamasi cha Great Dismal, kwenye mpaka wa Virginia na North Carolina, ambako maelfu ya watu waliotoroka utumwa walijificha, na ambacho katika miaka hiyohiyo kiliungua kwa moto mkubwa. Mfululizo huo, Blackwater, ulimpa tuzo ya Prix Pictet mwaka 2021. Alipiga pia makanisa madogo yaliyojengwa na watu weusi wa Virginia. Na alipiga picha za wanaume weusi aliowaalika studioni, nyingi zikionyesha sehemu tu ya mwili: mgongo, mikono, shingo.

Katika maonyesho makubwa ya kazi zake, A Thousand Crossings, yaliyofunguliwa National Gallery of Art, Washington, mwaka 2018, kinamasi, makanisa, wanaume hao na Gee-Gee viliwekwa katika sehemu moja. Mpangilio huo ndio unaonitatiza kuliko picha yoyote peke yake. Kinamasi hakiwezi kusema kilichotokea ndani yake, kwa hiyo kukisomea alama ni halali. Larry naye hakunyamazishwa, maana aliyekuwa nyuma ya kamera alikuwa mkewe, na kila mtu anajua jina lake na maradhi yake. Wanaume wale, tofauti na kinamasi, wana vinywa, nao wangeweza kueleza wanachokikumbuka, ilhali kolodioni, ambayo huifanya ngozi ya kila mtu itoke nyeusi kuliko ilivyo, inawapeleka karibu zaidi na kivuli cha miti kuliko na majina yao. Mann amesema kwamba alitaka kupitia picha hizo avuke ukuta aliolelewa nyuma yake, na sina sababu ya kuitilia shaka nia yake. Ila njia aliyoichagua ilibuniwa kwa ajili ya vitu visivyojibu.